Karatasi ya maabara inasema homoni ya ukuaji ya mwanangu iko chini. Nimnunulie vidonge?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 13 na nusu, yuko kidato cha kwanza hapa Morogoro. Kimo chake ni sentimita 143. Mdogo wake wa kike ana miaka 11 na tayari amempita kwa sentimita tatu. Shuleni wanamtania mpaka hataki kwenda. Nilimpeleka maabara moja ya mtaani saa nne asubuhi, wakampima homoni ya ukuaji, ikatoka 0.2. Mhudumu akaniambia, “Mama, hii iko chini sana, huyu hatarefuka.” Jirani amenipa namba ya mtu anayeuza vidonge vya kuongeza homoni hiyo, chupa moja shilingi 85,000, na dozi ni chupa tatu. Mimi nina sentimita 158, baba yake 172. Baba yake anasema naye alikuwa kibushuti mpaka kidato cha nne, ila nadhani ananituliza tu. Mtoto anakula vizuri na haumwi ovyo. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, vidonge usinunue. Hiyo karatasi nayo ikunje uiweke kabatini. Namba iliyoandikwa inaweza kuwa ya kweli kabisa, tatizo ni maana uliyopewa. Na huyo baba mtoto, usimpuuze. Katika barua yako nzima, maneno yake ndiyo yaliyonisaidia zaidi kuliko kipimo ulichokilipia.

Tuanze na ile 0.2.

Homoni ya ukuaji hutengenezwa na tezi ya pituitari, kitu chenye ukubwa wa mbaazi kilichoning'inia chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua. Tezi hii haimwagi homoni mfululizo kama bomba lililoachwa wazi. Hutoa kwa mikupuo. Sehemu ya ubongo iliyo juu yake, haipothalamasi, huituma kwa amri mbili zinazopokezana: moja ya “toa”, nyingine ya “acha”. Tumbo likiwa tupu nalo hupeleka amri yake, kwa homoni inayoitwa ghrelini ambayo watafiti wa Japani waliigundua mwaka 1999. Mkupuo mkubwa kuliko yote huja usiku, kama saa moja hivi baada ya mtoto kuzama kwenye usingizi mzito. Homoni ikishaingia kwenye damu haikai: ndani ya dakika 20 hivi nusu yake imeshaondoka.

Sasa fikiria mwanao, saa nne asubuhi, ameshakunywa chai ya sukari na maandazi. Sukari ikipanda kwenye damu, pituitari hutulia. Katikati ya mkupuo na mkupuo, mtoto mwenye afya tele anaweza kutoa damu isiyo na homoni hiyo karibu kabisa. Ulichofanyiwa ni sawa na mtu kuchungulia barabara ya Iringa kwa dakika moja, asione basi, akatangaza kwamba leo hakuna usafiri. Ndiyo maana sisi madaktari wa homoni za watoto hatumpimi mtoto homoni ya ukuaji kwa kumtoboa mara moja tu ovyo ovyo. Tukiwa na sababu ya kuishuku, tunamlaza njaa, asubuhi tunampa dawa ya kuishtua pituitari, halafu tunachukua damu kila nusu saa kwa muda wa saa mbili au zaidi. Ni kipimo cha hospitali, chini ya uangalizi, na hakifanywi kwa mtoto ambaye hatujampima kimo chake vizuri kwanza.

Kuna kipimo kingine kilicho rahisi, na ili ukielewe lazima nikupeleke mpaka kwenye ini. Homoni ya ukuaji yenyewe hufanya sehemu tu ya kazi. Ikifika kwenye ini, ini hutoa homoni ya pili, maabara huiandika IGF-1, na hii ndiyo inayosukuma mifupa kwa sehemu kubwa. Uzuri wake ni kwamba husafiri kwenye damu ikiwa imeshikwa na protini, haipandi na kushuka kila saa. Ukiipima asubuhi au jioni unapata picha ileile. Lakini hata yenyewe lazima isomwe kwa kulinganisha na umri, hatua ya kubalehe na lishe ya mtoto. Mtoto aliyetoka kuumwa na kukonda, yake itakuwa chini, na hiyo haina maana kwamba pituitari imekufa.

Kwenye kliniki yangu, picha ya eksirei ya mkono wa mtoto huwashtua wazazi. Wanaiona imejaa nafasi nyeusi kati ya vipande vya mifupa, na mara nyingi mama huniuliza, “Daktari, mbona vidole vimevunjika?” Havijavunjika. Ule weusi ni gegedu, tishu iliyo laini kuliko mfupa, ambayo eksirei haiioni vizuri, na hapo ndipo mtoto anaporefukia. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka jembamba la gegedu. Ukiliweka chini ya hadubini unaona seli zimepangwa safu safu kama sarafu zilizorundikwa. Za upande mmoja zinagawanyika, za upande mwingine zinavimba, zinakufa, na mahali pake panajengwa mfupa. Kila homoni nitakayoitaja hapa inaliambia tabaka hilo: ongeza, punguza, au funga duka. Likishageuka mfupa mtupu, hakuna maziwa, kidonge, kuning'inia kwenye bomba wala sindano itakayomwongezea mtu kimo.

Watu wengi, na wauza vidonge wakiwa mbele, wanadhani kimo ni suala la wingi wa homoni ya ukuaji. Ngoja nikuonyeshe jinsi dhana hiyo inavyoanguka. Kusini mwa Ecuador, mkoa wa Loja, kuna familia zenye watu wazima wenye kimo cha kama sentimita 120. Ukipima damu yao, homoni ya ukuaji iko nyingi kuliko yangu na yako. Tatizo ni kwamba mlango wa kuipokea kwenye ini na mifupa una hitilafu ya kurithi, hivyo IGF-1 haitoki. Hali hiyo inaitwa jina la Zvi Laron, daktari wa Israeli aliyeieleza na wenzake mwaka 1966. Ungewapa watu hao homoni ya ukuaji kwa ndoo, wasingeongezeka hata kidole. Karibu na kwetu, watafiti waliozipima jamii za watu wafupi wa misitu ya Afrika ya Kati miaka ya 1980 walikuta homoni ya ukuaji ya kutosha, ila ile IGF-1 haikupanda wakati wa kubalehe kama inavyopanda kwa majirani zao.

Mfano wa tatu uko hapahapa nyumbani na unanigusa zaidi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, yule wa kwashakoo, homoni yake ya ukuaji huwa juu. Mwili umepiga hesabu: chakula hakitoshi, kwa hiyo ini linaacha kuitikia, IGF-1 inashuka, mifupa inasimama, na kile kidogo kilichopo kinaenda kwenye moyo na ubongo. Homoni inapiga kelele, kiwanda kimefungwa. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Miaka ya 2015 na 2016 ilikuwa asilimia 34. Hao si watoto wenye pituitari mbovu. Ni watoto ambao siku zao 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, zilipita na uji mwepesi na kuhara kwa kurudiarudia. Kwa wako naomba utafute kadi ya kliniki. Kama mstari wake ulienda sawa mpaka miaka miwili, hilo nalifuta kwenye orodha yangu.

Tumboni kwa mama mambo ni tofauti kabisa, na hili huwashangaza hata wanafunzi wangu: homoni ya ukuaji ya mtoto haina kazi kubwa huko. Mtoto asiye nayo huzaliwa na urefu karibu na wa kawaida. Anayeshika usukani tumboni ni insulini, pamoja na ndugu wa ile IGF-1. Ndiyo maana mama mwenye kisukari kisichodhibitiwa hujifungua mtoto wa kilo nne na nusu: sukari ya mama inavuka kondo la nyuma, kongosho la mtoto linajibu kwa insulini nyingi, na mtoto ananenepa. Baada ya kuzaliwa, mtoto huongezeka sentimita 25 hivi katika mwaka wa kwanza, karibu 12 katika wa pili, kisha anatulia kwenye tano au sita kila mwaka mpaka karibu na kubalehe. Shika hizo tano au sita, nitazirudia.

Homoni za tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, ni kama moto wa jiko: kila kitu kinaweza kuwepo na chakula kisiive. Zikipungua, pituitari hutoa homoni ya ukuaji kidogo na gegedu nayo hulala. Madini joto ndiyo malighafi yake. Wazee wa Iringa, Njombe na Mbeya wanakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa jambo la kawaida shingoni mwa watu, na watoto waliozaliwa wakiwa wafupi na wazito wa akili kwenye vijiji hivyo. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua, madini joto yameenda baharini. Miaka ya 1980 watu wa huko walianza kupewa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuyaweka kwenye chumvi. Kwa hiyo angalia pakiti ya chumvi yako ina maandishi hayo, ifunike vizuri, na itie chakula kikikaribia kuiva, maana madini joto hupotea kwenye moto. Kwa mwanao nitaomba kipimo cha thairoidi. Ni cha bei nafuu, na tatizo likipatikana dawa yake ni kidonge kimoja kwa siku, cha kweli.

Halafu kuna homoni inayozuia, kortisoli, na dawa za jamii yake tunazoziita steroidi. Hapa nitasema jambo ambalo hukuniuliza. Nimeshaletewa watoto walioacha kurefuka kwa sababu ya krimu kali ya ngozi waliyopakwa mwili mzima kwa miezi, au vidonge vya “hamu ya kula” vilivyokuwa na deksamethasoni, steroidi kali, ndani. Mtoto anakuwa na mashavu, majirani wanasifia, mama anafurahi. Kimo kimesimama. Katika kazi hii tuna kanuni ya jicho ambayo nimeiamini kuliko mashine nyingi: mtoto aliyenenepa kwa sababu ya kula sana huwa mrefu kwa umri wake. Mtoto anayenenepa huku harefuki, huyo mlete haraka, hapo kuna homoni iliyoharibika au dawa iliyojificha. Mwenye pumu anayevuta dawa yake ya kila siku kwa kipimo cha daktari asiiache kwa kuogopa haya; pumu isiyotibiwa nayo inadumaza.

Sasa tufike kwenye kiini cha barua yako: mdogo mtu kampita kaka yake.

Waulize wafugaji kwa nini maksai anasimama juu kuliko dume wa umri wake. Dume akihasiwa mapema, miguu yake inaendelea kurefuka baada ya ya wenzake kukoma. Mtu angetarajia kinyume, kwa sababu tumezoea kudhani homoni za kiume ndizo zinazomkuza mwanaume. Ni kweli zinamkuza, lakini pia ndizo zinazofunga mlango. Kubalehe kukianza, testosteroni kwa wavulana na estrojeni kwa wasichana huifanya pituitari iongeze mikupuo yake, na mtoto anapaa: msichana hufikia kama sentimita nane kwa mwaka, mvulana tisa au kumi. Homoni hizohizo, wakati huohuo, zinaizeesha gegedu. Baada ya miaka michache tabaka lote limekuwa mfupa.

Hata kwa mwanaume anayefunga mlango huo ni estrojeni. Mwili wa mvulana una kimeng'enya kinachogeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, na hiyo ndiyo inayoifunga mifupa yake. Tulilijua hilo kwa uhakika mwaka 1994, pale madaktari wa Marekani walipoandika habari za kijana wa miaka 28, mwenye kimo cha sentimita 204, ambaye bado alikuwa anaongezeka. Ndevu alikuwa nazo, testosteroni ilikuwa ya kawaida. Mwili wake haukuweza kuisikia estrojeni, na eksirei ya mkono ilionyesha mifupa ya mtoto wa miaka 15. Nilipoisoma ripoti hiyo nikiwa mwanafunzi niliiona kama kioja. Leo naitumia karibu kila wiki kuwaeleza wazazi.

Ndiyo maana naogopa vile vidonge. Homoni ya ukuaji yenyewe ni protini. Ukiimeza, tumbo linaivunja kama linavyovunja yai la kuchemsha, na yai lina nafuu ya bei. Kwa hiyo kidonge chenye homoni ya ukuaji hakiwezi kufanya kazi. Hicho ndicho kidonge salama. Kisicho salama ni kile “kinachofanya kazi”: mtoto anajaa misuli, sauti inanenepa, anaongezeka sentimita nne ndani ya miezi michache, mzazi anarudi kununua chupa nyingine. Ukiona hivyo, mara nyingi kuna homoni za kiume zilizotiwa bila kuandikwa. Mtoto amekopeshwa kimo cha kesho, na riba yake ni mifupa kufunga kabla ya wakati. Nilimpokea kijana mmoja wa miaka 14 aliyetumia vitu vya namna hiyo vinavyouzwa kwenye kumbi za mazoezi. Eksirei yake ilikuwa ya mtu wa miaka 17. Sikuwa na la kumfanyia.

Wasichana huanza safari ya kubalehe mapema kuliko wavulana, na mbio zao za kurefuka zinakuja mwanzoni kabisa, matiti yanapoanza kuchomoza, kabla ya kuvunja ungo. Binti yako wa miaka 11, sentimita 146, yuko katikati ya mbio hizo au anakaribia. Akishavunja ungo atabakiza kama sentimita tano hadi saba tu. Wavulana hukimbia mwishoni: korodani zinakua kwanza, mtu wa nje haoni kitu, na mwaka au miwili baadaye ndipo suruali zinapoanza kuwa fupi. Ile miaka miwili ya ziada ya utoto, pamoja na mbio ndefu zaidi, ndiyo inayozaa tofauti ya sentimita 13 kati ya wanaume na wanawake kwa wastani.

Namba hiyo 13 tunaitumia kukadiria. Jumlisha kimo chako na cha mume wako, 158 na 172, unapata 330. Kwa mvulana ongeza 13, gawa kwa mbili: 171.5. Kwa msichana ungetoa 13. Mtoto anaweza kuwa juu au chini ya hapo kwa kama sentimita nane, kwa hiyo mwanao anatarajiwa kuishia mahali fulani kati ya 163 na 180. Kwa sasa yuko chini kidogo ya mstari wa mwisho wa chati ya Shirika la Afya Duniani kwa umri wake, kwa hiyo hukukosea kuuliza.

Lakini sentimita 143 ni kimo cha katikati kabisa cha mvulana wa miaka 11. Kama mifupa yake nayo ina miaka 11, basi hajachelewa kwa lolote isipokuwa kalenda. Hapo ndipo baba yake anapoingia. Kuchelewa kubalehe kwa namna hii hukaa kwenye ukoo: baba aliyerefuka kidato cha nne, mama aliyevunja ungo akiwa na miaka 15 au 16, mjomba aliyeota ndevu akiwa kazini. Tunawaita wachelewaji wa kimaumbile. Saa yao iko nyuma, haijasimama. Wanarefuka wakati wenzao wameshaacha, na wengi hufika karibu na kimo cha wazazi wao.

Kuthibitisha hilo kunahitaji vitu vitatu, na hakuna hata kimoja cha ajabu. Cha kwanza ni eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, ili tusome umri wa mifupa. Hakikisha anayeisoma anajua kusoma umri wa mifupa ya watoto. Jibu la “hakuna mvunjiko” halitatusaidia. Cha pili ni daktari kumkagua kama ameanza kubalehe. Nilipokuwa Nairobi kwenye mafunzo ya homoni za watoto, mwalimu wangu alitembea na uzi wenye shanga 12 mfukoni kama mtu mwenye tasbihi, ya kwanza ndogo kuliko harage, ya mwisho kama yai dogo. Kila shanga ina ujazo wake, kuanzia mililita 1 mpaka 25, na daktari analinganisha na korodani za mtoto. Zikifika mililita 4, kubalehe kumeanza, hata kama hakuna unywele hata mmoja. Mwandae kijana kabla, ikiwezekana aende na baba yake. Umri wa miaka 13 na aibu ni ndugu.

Cha tatu unakifanya wewe, na ndicho ninachokitaka kuliko vyote. Mpime nyumbani. Avue viatu, asimame kisigino, makalio na mabega vikigusa fremu ya mlango, atazame mbele sawasawa. Weka kitabu kigumu kichwani, ukingo mmoja ukibana fremu kabisa ili kisiinamie upande, chora mstari kwa penseli na uandike tarehe. Fanya asubuhi. Mtu hupungua sentimita moja hivi kufikia jioni kwa uzito wa mwili kubana pingili za uti wa mgongo, na nimewahi kuona mtoto “akifupika” kwenye faili kwa sababu tu safari ya pili alikuja saa kumi. Baada ya miezi sita pima tena, saa ileile. Akiwa ameongezeka sentimita mbili na nusu au zaidi, mwendo wake ni mzuri kwa mtoto ambaye hajabalehe. Hata mbili kamili zisikukoseshe usingizi, kwa sababu wachelewaji hupunguza mwendo kidogo kabla ya kuanza mbio. Chini ya hapo, usingoje miezi sita mingine.

Wakati huohuo daktari wa watoto amwagizie vipimo vya kawaida: wingi wa damu, figo, thairoidi, VVU, selimundu kama hakupimwa utotoni, na IGF-1 kama inapatikana. Magonjwa sugu hufupisha watoto wengi mno kuliko pituitari. Kama hapo Morogoro itashindikana, omba rufaa Muhimbili au Dodoma. Na kuna mambo ambayo yakitokea huendi kupanga foleni ya miezi: kichwa kinachomuuma asubuhi na kutapika, kuona vibaya pembeni, kiu na kukojoa kusikoisha. Hizo ni dalili za kitu kinachobana pituitari. Kwa binti mfupi asiye na sababu, ningeongeza kipimo cha kromosomu, lakini binti yako hana shida hiyo.

Ikifika miaka 14 na shanga bado ni ndogo, na yeye mwenyewe anaumia shuleni, kuna tiba ya heshima: testosteroni kwa dozi ndogo sana, sindano moja kwa mwezi, miezi mitatu hadi sita, kwa mkono wa mtaalamu. Dozi hiyo huiamsha saa bila kufunga mifupa. Utaniuliza inatofautianaje na vidonge vya jirani. Kipimo, muda, na eksirei mkononi mwa anayeitoa.

Sindano ya homoni ya ukuaji ipo kweli, na wanaoihitaji inawabadilisha maisha. Ya kwanza ilitolewa kwenye pituitari za maiti. Maurice Raben wa Boston aliripoti mwaka 1958 kijana wa miaka 17 aliyerefuka kwa dawa hiyo. Mwaka 1985 ilisimamishwa Marekani baada ya vijana waliowahi kuchomwa kufa kwa ugonjwa wa ubongo uliotoka kwenye maiti hizo, na mwaka huohuo ikaidhinishwa ile inayotengenezwa na bakteria maabara, ndiyo tunayotumia mpaka leo. Huchomwa usiku, aghalabu kila siku, kwa miaka, hukaa kwenye friji, na gharama yake kwa mwaka ni mamilioni. Kwa mtoto mwenye upungufu halisi nitapigana aipate. Kwa mchelewaji haina faida ya maana. Na ikizidi ina ubaya wake: Robert Wadlow wa Illinois, ambaye pituitari yake ilikuwa inamwaga bila breki, alifika mita 2.72 na bado alikuwa anarefuka alipofariki mwaka 1940 akiwa na miaka 22. Miguu ilikuwa imekufa ganzi; chuma cha kumsaidia kutembea kilimchubua kifundo bila yeye kuhisi, kidonda kikaoza, kikamuua.

Kuhusu kulala mapema, ndiyo, alale, simu ikae chumbani kwako, ila usiku mmoja wa mpira haujawahi kumfupisha mtu. Mayai, dagaa, maharage, maziwa kama yapo. Kubeba ndoo za maji hakumdumazi.

Shilingi 255,000 za chupa tatu ni bora ziende kwenye eksirei, vipimo nilivyovitaja na nauli ya kwenda na kurudi Dar. Ukishapata eksirei niandikie umri wa mifupa na ile mistari miwili ya mlangoni. Kabla ya hapo, muombe mume wako atafute picha yake ya kidato cha pili, ile ya darasa zima, ampe kijana aitazame mwenyewe. Kama nimebahatisha, baba mtu atakuwa amepangwa mstari wa mbele, amechuchumaa na wafupi wenzake.